Uliza Tukujibu: Kupanda milima ya theluji bila kukesha kwenye foleni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Nairobi wanaopanga kuwatembelea jamaa zao Marekani wakati wa baridi, hasa jimbo la Colorado, na kucheza skii, yaani kuteleza mlimani juu ya theluji. Kinachowasumbua wengi si baridi wala bei ya nguo nzito. Ni barabara. Tumechagua barua sita. Saa tunazotaja ni za Kiswahili, kulingana na mahali husika: za Colorado ni za Colorado, za Nairobi ni za Nairobi.

Nitakuwa kwa kaka yangu Denver wiki mbili za Februari pamoja na watoto wangu, wa miaka tisa na kumi na miwili. Kaka ana nafasi Jumamosi na Jumapili tu. Anataka tutoke nyumbani saa moja asubuhi Jumamosi, tucheze skii Breckenridge, turudi jioni. Nikiangalia ramani ya simu naona safari ni chini ya saa mbili, lakini jirani yake anasema tutafika saa tano. Nimwamini nani? (Mama wa watoto wawili, Lang'ata)

Mwamini jirani, Mama. Ramani haijakudanganya, ila umeitazama ukiwa Nairobi. Wakati wa baridi Denver iko nyuma yetu kwa saa kumi. Ukifungua simu saa nne asubuhi Lang'ata, kule ni usiku wa manane na barabara ni tupu. Tumia sehemu ya ramani inayokuruhusu kuchagua siku na saa ya kuondoka, uweke Jumamosi saa moja asubuhi, ndipo utaona muda unavyorefuka. Kuna njia bora zaidi. Saa moja asubuhi ya Jumamosi huko ni saa kumi na moja jioni ya Jumamosi hapa. Kwa Jumamosi kadhaa kabla ya kusafiri, fungua ramani jioni hiyo, na pia COtrip, huduma ya idara ya barabara ya Colorado yenye kamera za barabarani, ujionee mwenyewe foleni inaanzia wapi na inaisha saa ngapi.

Kutoka Denver hadi Breckenridge ni takriban kilomita 130, na sehemu kubwa ni barabara kuu ya I-70. Kiini cha tatizo ni umbo la barabara yenyewe. Ukielekea magharibi leni ni tatu hadi Floyd Hill, karibu kilomita 45 kutoka katikati ya jiji, kisha zinabanwa kuwa mbili. Sehemu hiyo imekuwa na ujenzi tangu 2023, jambo linaloongeza ubanano. Kutoka hapo barabara inapita Idaho Springs na Georgetown, inapanda hadi handaki la Eisenhower kwenye mwinuko wa mita 3,401. Handaki lina urefu wa kilomita 2.7 na leni mbili kila upande. Magari yakirundikana mbele, wasimamizi huyasimamisha nje ya mlango kwa muda ili yasikwame ndani, kwa sababu moto au ajali ndani ya handaki lililojaa magari ni hatari kubwa. Ndiyo maana unaweza kusimama kabisa ilhali hakuna ajali yoyote mbele yako.

Sasa ongeza ratiba ya skii. Lifti za viti zinazowapandisha wachezaji mlimani hufunguliwa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi, na nyingi hufungwa saa kumi jioni. Kwa hiyo jiji zima linataka kupita Floyd Hill kwa wakati mmoja, na kushuka kwa wakati mmoja. Jumamosi asubuhi foleni ya kupanda huwa nzito kuanzia saa kumi na mbili hadi karibu saa nne. Jumapili foleni ya kushuka huanza kiasi cha saa saba mchana na kuendelea hadi saa moja usiku, na theluji ikianguka inapita hapo.

Mpango wetu kwenu ni huu. Nendeni Jumamosi, msiende Jumapili. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, mwe mmeshapita Idaho Springs kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mtafika Breckenridge mapema, na huo si muda wa bure: kuvaa viatu vya skii, kupimwa na kukodi vifaa, na kumpeleka mtoto chooni kabla ya kuvaa matabaka matatu ya nguo huchukua saa nzima au zaidi. Andaeni vitu Ijumaa usiku, na watoto walale ndani ya gari wakiwa wameshavaa nguo za ndani za joto. Kama kuamka huko hakuwezekani, geuzeni mpango kabisa: tokeni saa tano mchana, mcheze alasiri tu. Kwa mtoto anayeanza, saa mbili au tatu za mafunzo zinatosha, miguu inakuwa imechoka. Kibaya zaidi ni kutoka saa moja au saa mbili, kwani mtalipia tiketi ya siku nzima na kutumia nusu yake.

Kurudi, kuna milango miwili tu iliyo mizuri: mtoke mlimani kabla ya saa nane mchana, au mkae mle chakula cha jioni mjini na kuanza safari baada ya saa moja usiku. Wanaovua skii saa kumi na kukimbilia gari ndio hao mtakaowaona wakisogea hatua kwa hatua hadi Idaho Springs.

Kwa watoto wanaoanza, sisi tungechagua Loveland kuliko Breckenridge. Iko upande wa mashariki wa handaki, mnatoka barabarani kabla ya kuliingia, na ina eneo lake la wanaojifunza, Loveland Valley. Hakuna mji wa kutembeatembea na maduka, lakini mnapunguza kilomita takriban 40 za kila upande na kukwepa mshuko mkali wa kwenda Silverthorne, mji ulio upande wa pili wa handaki.

Tazama kalenda pia. Jumatatu ya tatu ya Februari ni sikukuu ya Marais, na ya tatu ya Januari ni sikukuu ya Martin Luther King. Wikendi hizo mbili ni kama barabara ya Nakuru tarehe 23 Desemba. Kama kaka yako anaweza kuomba likizo ya siku moja tu kati ya Jumanne na Alhamisi, aombe. Siku hiyo moja itawapa nafasi kuliko hila zote tulizoeleza. Tiketi zinunuliwe mtandaoni mapema. Katika vituo vikubwa bei ya dirishani siku ya kilele hupita dola 200 kwa mtu mzima.

Nitakodi gari uwanja wa ndege wa Denver. Gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele ni rahisi zaidi. Je, linakubalika milimani? (Msomaji, South B)

Linakubalika kisheria kama matairi yanafaa, na hilo ndilo watu wengi hawaulizi wakiwa kaunta. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, sheria ya Colorado inahusu sehemu ya I-70 kati ya Morrison na Dotsero, yaani njia yote ya kwenda vituo vya skii. Kila gari dogo lazima liwe na mifereji ya tairi yenye kina kisichopungua milimita 4.8, na juu ya hapo liwe na mojawapo ya haya: matairi ya baridi, matairi yenye alama M+S (yaani tope na theluji), mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, au minyororo ya matairi ndani ya gari. Faini ya kukosa ni zaidi ya dola 100, na ukikwama ukaziba barabara inapanda hadi zaidi ya dola 650. Dhoruba ikizidi hutangazwa amri kali zaidi: kila gari lifungwe minyororo au kifaa mbadala kilichokubaliwa, isipokuwa yale ya magurudumu manne yenye matairi mazuri.

Ukikabidhiwa gari, usitie saini kwanza. Inama, soma ubavu wa kila tairi. M+S ni alama ya chini kabisa ya kukubali. Mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndio wa tairi la baridi hasa. Mpira wake hubaki laini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, ilhali tairi la kawaida hukakamaa na kuteleza hata kabla theluji haijaanguka. Ingiza sarafu au kipimo kwenye mifereji. Likiwa limelika, omba jingine hapohapo. Uliza pia kama mkataba unaruhusu minyororo, kwani kampuni nyingi za kukodi hukataza, na ikikatika ikapasua fenda ni wewe utakayelipa.

Kuhusu magurudumu manne: lipia ukiweza, lakini ujue linakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama ni kazi ya tairi na breki, na hapo gari la magurudumu manne halina ubora wowote. Wageni wengi hujiamini kwa sababu gari limepanda vizuri, wakapoteza mwelekeo wakishuka. Baada ya handaki, mshuko wa kwenda Silverthorne ni mkali kama asilimia 6 hadi 7. Weka gia ndogo mapema, kabla ya kuanza kushuka, gusa breki kwa kuachia na kurudia ili zisipate moto, na usitumie kabisa kifaa cha kushika mwendo chenyewe (cruise control). Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, na barafu yake huonekana kama lami iliyolowa.

Jambo dogo linalowaponza watu wa kwetu: maji ya waipa. Hapa Nairobi tunajaza ya bomba. Huko yataganda kwenye mipira na kioo kitabaki na tope la chumvi usione kitu. Nunua dawa ya waipa inayostahimili angalau nyuzi 20 chini ya sifuri, na ubebe galoni ya ziada, kwani siku ya theluji nyingi huisha.

Halafu huko mnaendesha upande wa kulia. Usifanye I-70 kuwa siku yako ya kwanza. Zunguka mjini kwanza, hasa makutano ya kukata kushoto.

Mdogo wangu amehamia Colorado na amenunua minyororo ya matairi. Mimi ni fundi lakini sijawahi kuifunga. Nimwelekeze vipi kwa simu? (Fundi, Kasarani)

Fundi, kwanza mwambie afanye mazoezi nyumbani mchana, gari likiwa kavu. Kando ya barabara, usiku, vidole vikiwa vimekufa ganzi, ndipo watu huacha kufunga na kuendelea hivyohivyo.

Asome ukubwa kwenye ubavu wa tairi, mfano 225/65R17, na uwe ule ule ulioandikwa kwenye mfuko wa minyororo. Aangalie kitabu cha gari pia: magari mengi ya chini hayana nafasi kati ya tairi na springi, na mnyororo wa chuma utakata mpira wa breki. Hayo yanahitaji soksi za kitambaa zinazovishwa juu ya tairi. Zinakubalika Colorado, ila huchakaa haraka kwenye lami kavu.

Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta. Gari la mbele, mbele. La nyuma, nyuma. La manne, afuate kitabu. Asimame mahali palipo sawa, nje ya leni kabisa, aweke breki ya mkono na kuwasha taa za tahadhari. Atandaze mnyororo chini na kuhakikisha haujajisokota, ndoano zikitazama nje ili zisile tairi. Autupe juu ya tairi, aingize mkono nyuma na kufunga upande wa ndani kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea: wakifunga wa nje kwanza, wa ndani haufikiki tena. Kisha wa nje. Asogeze gari nusu mzunguko wa gurudumu, akaze. Aende mita 100 hivi, asimame, akaze tena, kwani mnyororo wote hulegea ukishajikalia. Kipande kinachoning'inia kikifungwa vizuri hakitagonga fenda. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, au kiwango cha chini zaidi kama mtengenezaji amekiandika. Lami ikionekana, aifungue mara moja.

Kwenye mfuko mmoja na minyororo awe na glavu za mpira, tochi ya kuvaa kichwani, mkeka wa zamani wa kupigia magoti, na fulana ya kung'aa.

Sitaki kuendesha kabisa. Kuna usafiri wa umma? (Dada, Ngara)

Upo, dada, na kwa mgeni peke yake ndio tungeupendekeza kwanza. Wakati wa msimu Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, huendesha treni ya Winter Park Express kutoka stesheni ya Union katikati ya Denver. Inapita handaki la reli la Moffat, lenye kilomita 10 na lililofunguliwa 1928, na kukushusha hatua chache kutoka lifti za Winter Park baada ya safari ya saa mbili na dakika kidogo. Huondoka asubuhi na kurudi jioni, wikendi na baadhi ya siku za karibu nayo. Nauli hupanda viti vinapopungua, hivyo kata mapema. Foleni ya I-70 haiihusu.

Basi la Snowstang huenda vituo kadhaa wikendi, vikiwemo Loveland, Arapahoe Basin na Copper Mountain. Hilo linakaa kwenye foleni kama magari mengine, lakini unalala na dereva ni mzoefu. Ukikosa la kurudi hakuna jingine, kwa hiyo uwe kituoni mapema.

Je, ushauri huu wa saa unafaa barabara yetu? Kila Desemba tunaenda Eldoret na mwaka juzi tulilala karibu na Nakuru. (Baba, Umoja)

Unafaa, ila chanzo kina tofauti moja kubwa. Kule foleni hubaki kwenye leni zake. Hapa madereva wakichoka huacha foleni na kuunda ya pili na ya tatu upande wa magari yanayokuja. Pande zote mbili zinafungana, hata gari la kuvuta haliwezi kupita, na kilichokuwa cha nusu saa kinakuwa cha usiku kucha. Ukiona hilo limeanza mbele, usijiunge. Rudi hadi mji wa mwisho wenye mafuta na chakula, usubiri.

Siku mbaya za kutoka ni tarehe 21 hadi 24 Desemba, na jioni ya Ijumaa yoyote. Za kurudi ni siku za mwanzo za Januari, hasa wikendi ya kabla ya shule kufunguliwa. Toka Nairobi saa kumi alfajiri ya siku ya katikati ya wiki, mpite Nakuru kabla ya saa mbili. Usiende mapema kuliko hapo: ukungu wa Kimende, Kinale na Kinungi huwa mzito usiku, na malori yasiyo na taa za nyuma yapo. Njia ya Mai Mahiu ni ya chini na ina ukungu mchache, lakini ndiyo ya matrela, na mteremko wake ni mwembamba.

Njia mbadala zijue kabla. Ukiwa Flyover na mbele kumefungwa, kata Njabini hadi Ol Kalou, kisha Lanet. Ukifika Nakuru na Salgaa hakupitiki, pita Njoro, Elburgon na Molo utokee Mau Summit. Wanaokwenda Kisii wasiingie Nakuru kamwe wakati huo; Mai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik ni njia nzuri. Upanuzi wa Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025, umeleta michepuko, kwa hiyo piga simu kwa mtu aliyepita siku hiyo kabla ya kuwasha gari.

Barabara ikifungwa kwa theluji tukiwa katikati na watoto, tufanye nini? Na kuna mahali pa skii karibu na kwetu? (Msomaji, Pangani)

Kaeni ndani ya gari. Kutembea kwenye dhoruba ndiko kunakoua. Washeni injini dakika kumi hivi kila saa, lakini kabla ya kuwasha, mmoja ashuke akaondoe theluji kwenye mdomo wa ekzosi. Ukizibwa, moshi wa sumu usio na harufu huingia ndani, na mtu hulala asiamke. Fungueni dirisha kidogo upande usio na upepo. Tangi lisishuke chini ya nusu tangu Denver. Bebeni blanketi moja kwa kila mtu, maji, chakula kisichohitaji kupashwa moto, betri ya simu ya ziada, na chupa yenye mdomo mpana kwa haja ya watoto. Maji yawekwe karibu na miguu yenu, kwani kwenye buti ya gari yataganda.

Karibu na kwetu, Afriski iko Lesotho, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,050, na msimu wake ni Juni hadi Agosti. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa saa nne na nusu hadi tano kupitia mpaka wa Caledonspoort na mji wa Butha-Buthe, na mnaendesha upande wa kushoto kama hapa. Sehemu ngumu ni mlima wa Moteng, wenye kona za kubana na barafu asubuhi upande usiopata jua. Uvukeni mchana, kati ya saa nne na saa tisa, na mlale kituoni badala ya kushuka jioni.